Mtango uliosimama: mti wa gamhen wa Sokotra

Funga macho, ushike jani lake. Ni la mviringo, pana, limejaa vinywele vigumu vinavyokwaruza vidole, na aliyewahi kuchuma majani ya maboga hatasita: hili ni boga. Akifumbua macho, boga halipo. Mbele yake kuna shina nene kama pipa, rangi ya jivu jeupe, na kule juu kabisa matawi machache membamba yanayoning'inia kama nywele zilizokosa kitana.

Wenyeji wa kisiwa cha Sokotra, Yemen, huuita gamhen. Jina la kisayansi ni Dendrosicyos socotranus, na sehemu yake ya kwanza imeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, mti na tango. Aliyeuandika kwenye vitabu vya sayansi ni Isaac Bayley Balfour, profesa wa botania wa Glasgow aliyefika kisiwani mwaka 1880 na kuutangaza mwaka 1882. Katika orodha za wauza mbegu utakuta pia tahajia ya zamani, socotrana. Ni mti uleule. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utakosa nusu ya maelezo yaliyoandikwa.

Jamii ya matango, matikiti, mamumunye na madodoki ina spishi zinazokaribia elfu moja. Karibu zote hutambaa chini au hukwea juu ya wenzao kwa vikono. Gamhen peke yake ndiyo iliyokuwa mti. Kule Namibia kuna ndugu mwingine asiyekwea, nara wa jangwa la Namib, lakini huyo ni kichaka cha miiba na hana shina la kusimama. Gamhen husimama bila kuegemea kitu, hufika mita sita au saba, na shina lake laweza kuwa na upana wa mita moja.

Sasa, watu wengi wakiona shina nene na mawe makavu huuweka kapu moja na dungusi. Kosa kubwa la wanaoupanda linaanzia hapo. Huu ni mtambaazi aliyesimama, na ukiutazama hivyo, mambo yake mengi yanaeleweka: kwa nini hautoi mbao, kwa nini mbuzi wanaupenda, kwa nini unaoza, na kwa nini unakudai maji siku ambayo dungusi angekuomba umwache.

Ndani ya shina

Katika mti wa kawaida ubao ni gogo moja lililoshikamana. Mmea unaokwea una shida nyingine kabisa: shina lake hupindwa, huvutwa na kuzungushwa, kwa hiyo lingekuwa gumu lote lingepasuka. Mitambaazi mingi ilitatua hilo kwa kuugawa ubao vipande vipande na kuweka tishu laini katikati, kama kamba yenye nyuzi nyingi. Mtaalamu wa mimea Mark Olson alichapisha uchunguzi wa shina la gamhen mwaka 2003, na mpangilio alioukuta ni huohuo wa kimtambaazi. Mishipa ya kupitisha maji imetawanyika ndani ya nyama laini iliyojaa maji. Nyama hiyo imeongezeka mno, basi, hata shina likawa ghala.

Kwa kiasi kikubwa kinachousimamisha ni maji yenyewe. Chembe zimejaa maji na zinabanana ndani ya gome, kama mpira uliojazwa upepo. Ndiyo maana shina la mti wenye afya likibonyezwa kwa dole gumba halibonyei, na la mti wenye kiu hubonyea kidogo bila kuwa na ugonjwa wowote. Ukifa, nyama hukauka, shina hunywea, zikabaki nyuzinyuzi. Seremala hana kazi nalo.

Vikono hauna hata kimoja. Maua ni ya njano, marefu kiasi cha sentimita tatu, na dume na jike ni maua tofauti lakini kwenye mti mmoja, kama ilivyo kwa boga. Tunda lina ukubwa wa sentimita tatu kwa tano, kijani likiwa changa, rangi ya tofali likiiva, na ngozi yake nayo inakwaruza. Jina la tango lisikudanganye ukalikatia kachumbari. Jamii hii inasifika kwa sumu chungu ziitwazo kukurbitasini, na tunda la porini haliliwi kwa kukisia.

Kisiwa chenyewe

Sokotra iko upande wa mashariki wa Pembe ya Afrika, jirani zaidi na Somalia kuliko na bara la Yemen inayoimiliki. Pepo mbili ndizo zinazoupangia mti ratiba. Kusi huvuma kwa ghadhabu kuanzia Juni hadi Septemba, na kwenye nyanda za chini ni upepo mkavu unaonyonya majani. Kaskazi ndiyo huleta sehemu kubwa ya mvua za nyanda hizo, mwishoni mwa mwaka. Gamhen hupatikana hasa huko chini, kwenye nyanda na miteremko ya mawe ya chokaa, pamoja na vichaka vya Croton socotranus na Jatropha unicostata. Juu zaidi, kuelekea milima ya Hajhir, utawala ni wa mti mwingine maarufu, ule wa damu ya joka, Dracaena cinnabari.

UNESCO iliiingiza Sokotra kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kati ya spishi 825 za mimea zilizoorodheshwa wakati huo, asilimia 37 hazipatikani kwingine duniani. Hata katika kundi hilo gamhen ina ajabu yake: ni spishi moja peke yake katika jenasi yake, haina hata ndugu wa tumbo moja. Ndugu zake wa karibu ni mimea kama Corallocarpus na Kedrostis, mitambaazi midogo ya nchi kavu ambayo mingi ina kiazi au mzizi mnene wa kuhifadhi maji. Utafiti wa vinasaba wa familia nzima, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba ukoo wa gamhen ulitengana nao miaka milioni 22 hivi iliyopita.

Tuseme kidogo kuhusu mti unaochanganywa nao kila siku, kwa sababu picha nyingi mitandaoni zimebandikwa jina lisilo lake. Sokotra ina waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo nalo lina shina la chupa. Tazama majani kwanza: ya waridi ni laini na ya kung'aa, marefu kuliko upana wake, wakati ya gamhen ni ya mviringo na yanakwaruza. Maua ya waridi ni ya pinki na mara nyingi hutokea matawi yakiwa matupu. Umbo nalo husaidia. Shina la waridi huvimba ovyo na mara nyingi hulala juu ya jiwe kana kwamba liliyeyuka likamwagika, ilhali la gamhen hupanda juu wima likipungua kidogo kidogo, na matawi yake huning'inia. Kama bado una shaka, angalia mbuzi. Utomvu wa waridi ni sumu ya moyo na mbuzi hana habari nalo. Majani ya gamhen anayala.

Hapo ndipo penye taabu ya mti huu. Mwaka wa ukame, malisho yakiisha, wafugaji wa Sokotra huuangusha, hukatakata shina na kuwapa mifugo ile nyama yenye maji. Kwa mfugaji ni akiba ya dharura iliyosimama nyuma ya nyumba, na hatuoni haki ya kumlaumu mtu anayeokoa kundi lake. Lakini hesabu ni mbaya. Mti mzima huliwa kwa muda mfupi, nao ulijijenga kwa miaka mingi, na mche unaotakiwa kushika nafasi yake haufiki mbali kwa sababu mbuzi huung'ata ukiwa na majani mawili matatu. Miche yenye bahati ni ile iliyootea katikati ya kichaka cha miiba. Kichaka humzuia mbuzi, hupunguza upepo na kutia kivuli, mpaka kichwa cha mche kitokeze juu shina likiwa limekomaa. Anayefyeka vichaka hivyo kwa kuni au kwa usafi tu, anafyeka pia kitalu cha gamhen bila kujua.

IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, limeiweka spishi hii katika kundi la zilizo hatarini. Vimbunga navyo havikusaidia: Novemba 2015 Chapala na Megh vilipiga kisiwa kwa mfuatano, na Mei 2018 kikaja Mekunu. Dawa ya bei nafuu ni uzio. Ukuta wa mawe uliofika kifuani, au wavu mzuri, kuzunguka kipande kidogo chenye miti mama miwili mitatu, una faida kuliko kupanda miche mia mahali pa wazi. Uzio ukiwa na mwanya mmoja, hesabu kwamba haupo. Mbuzi ataupata mwanya huo kabla yako.

Kuupanda kwenye chungu

Mbegu kwanza. Usitoe mbegu wala mche Sokotra kwa mkono wako. Kisiwa ni eneo la hifadhi, na vibali vya kutoa viumbe huko si mapambo. Tafuta mbegu au mche uliozalishwa na bustani ya mimea au na mkulima mwenye miti mama ya kwake, na umwulize zilivunwa lini. Ikiwa hajui, tafuta mwingine. Mbegu mpya ina nafasi nzuri zaidi ya kuota kuliko iliyolala kabatini miaka.

Zioshe kabisa utelezi wa tunda, kwa sababu mabaki ya nyama ndiyo yanayokaribisha ukungu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa 12, isizidi 24. Pandia mchanganyiko wa sehemu mbili za changarawe ndogo, pumisi (jiwe jepesi la volkano) au mchanga mnene uliooshwa, na sehemu moja ya mboji iliyochekechwa. Mchanga laini wa ufukweni haufai: una chumvi, na punje zake hubanana hewa ikakosa njia. Fukia mbegu kwa kina kisichozidi sentimita moja. Joto la udongo liwe nyuzi 25 hadi 30 mchana na usiku. Likishuka usiku hadi 18 usishangae mbegu zikikaa kimya, na kadiri zinavyokaa kimya kwenye unyevu ndivyo zinavyooza.

Mche ukichomoza na kofia ya mbegu kichwani, usiivute ikiwa kavu, utang'oa majani ya kwanza. Idondoshee maji, subiri nusu saa, kisha iondoe kwa kibanio kwa kuipanua kando. Hatari ya siku hizo ni kinyausi. Shingo ya mche hulegea usawa wa udongo, ikawa nyembamba kama uzi, na asubuhi mche umelala. Chanzo ni unyevu wa kudumu na hewa iliyosimama. Ukishalala haurudi. Tandaza changarawe nyembamba juu ya udongo ili shingo ibaki kavu, mwagilia kwa kukalisha chungu ndani ya sinia la maji dakika kumi kisha ukitoe, na ufungue mfuniko wa kitalu mara tu majani mawili ya kwanza yanapokunjuka.

Kuanzia hapo mche hukua kwa kasi ambayo haimshangazi aliyewahi kupanda maboga, ila humshangaza sana mpenzi wa dungusi. Uhamishe kutoka chungu cha sentimita 8 kwenda 12, kisha 18, kila mara mizizi inapotokeza kwenye matundu ya chini. Kuuacha umebanwa kwenye chungu kidogo ili "shina linenepe" ni ushauri tuusiokubaliana nao. Unanenepa kwa majani mengi yaliyofanya kazi muda mrefu, na majani mengi yanataka mizizi mipana. Lakini usiruke kutoka chungu kidogo kwenda pipa, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji hadi unanuka.

Kuhusu maji, tazama majani, achana na kalenda. Mti wenye majani ya kijani, kukiwa na joto, unapewa maji mengi: mwaga hadi yatoke chini, acha sentimita tatu za juu zikauke, mwaga tena. Wakati wa joto kali na upepo chungu cha sentimita 20 kinaweza kudai maji kila baada ya siku mbili. Majani yakining'inia saa nane mchana na kusimama tena jioni, hilo ni joto tu. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, ni kiu ya kweli, au mizizi imeoza. Tofauti yake ni uzito wa chungu. Kikiwa chepesi, mwagilia. Kikiwa kizito na majani yamelegea, mizizi haifanyi kazi, na ukiongeza maji unaumaliza.

Majani yakianza kugeuka manjano kuanzia chini na kudondoka kwa sababu ya baridi au ukame, punguza. Mti usio na majani hauvuti maji. Kikombe kimoja kila wiki tatu au nne chatosha kwa chungu cha ukubwa huo, na joto likiwa chini ya nyuzi 15 usimwagilie kabisa. Baridi ya kugandisha huua. Chembe zilizojaa maji hupasuka, na shina lililogandishwa huwa rojo baada ya siku chache.

Kuoza kwenyewe kunastahili maneno zaidi, maana ndiko kunakoua mingi. Shina hili halina kiini kigumu cha kumzuia kuvu. Akishaingia kwenye nyama anapita kama moto kwenye nyasi kavu. Kila juma bonyeza shina usawa wa udongo. Ukikuta sehemu moja laini na nyingine ngumu, au doa la kahawia lenye majimaji, ng'oa mti siku hiyohiyo. Kata kwa kisu kilichopitishwa kwenye spiriti, endelea kukata hadi nyama iwe nyeupe safi bila mstari wa kahawia, ukisafisha kisu kila mkato. Paka unga wa salfa, acha jeraha likauke kivulini siku saba hadi kumi, kisha rudisha kwenye kokoto tupu bila mboji. Ukiacha hata chembe moja ya kahawia umepoteza muda wako.

Mwanga uwe mwingi, ila mche uliokulia kivulini usiutupe juani ghafla. Upande wa shina unaokabili jua la mchana huungua, ukaacha kovu la rangi ya ngozi kavu lisilofutika. Uzoeshe kwa siku 14, ukianza na saa mbili za jua la asubuhi. Ukikosa mwanga nao hurudia tabia za ukoo: shina hurefuka, hulegea na kutafuta pa kulalia. Usiufungie mti wa kuegemea halafu ukadhani umetibu. Shida ni giza.

Mbolea nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila wiki nne, na majani yakiwepo tu. Yenye naitrojeni nyingi hutoa majani makubwa mepesi ambayo utitiri mwekundu huyashambulia kwanza. Wadudu hawa hukaa chini ya jani, kwenye hewa kavu, na dalili yao ni vidoadoa vya rangi ya vumbi na utando mwembamba sana. Ile manyoya ya jani huwakinga, kwa hiyo kunyunyizia juu hakusaidii. Geuza jani, piga maji kwa nguvu upande wa chini siku tatu mfululizo, kisha sabuni laini, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni jua likishapoa. Nzi weupe nao hupenda upande huohuo. Vaa mikono mirefu, maana vile vinywele huwasha.

Vipandikizi ni kamari. Kuna vinavyoshika, lakini tawi lina maji mengi na huoza kabla ya kutoa mizizi, kwa hiyo mbegu ndiyo njia ya uhakika.

Ukifanikiwa kupata maua, tofautisha jike kwa kitunda kidogo chenye manyoya chini ya ua, dume hana. Asubuhi, chavua ikiwa kavu, chuma dume lililofunguka siku hiyo, ng'oa petali zake, na pakaza katikati ya jike, kama wakulima wafanyavyo kwa maboga pasipo na nyuki. Kijitunda kikibadilika kuwa cha njano na kudondoka baada ya siku chache, chavua haikushika. Kikibaki kijani na kuongezeka, kiache mtini hadi kiwe rangi ya tofali kabisa, maana mbegu za tunda lililochumwa kijani huwa tupu ndani. Ukizikamua, zitie kwenye maji: zinazoelea zitupe, zinazozama zipandwe wiki hiyohiyo.